Kadi Mbili kwa Mtoto Mmoja

Mgeni rasmi, Katibu Mkuu wa jumuiya ya nchi zetu; wauguzi wa upande huu na wa ng'ambo; akina mama wenzetu,

KARIBU
Karibu zahanati yetu. Tumeambiwa una dakika kumi, nasi tuna watoto mgongoni, kwa hiyo tutasema lililotuleta.

TULIKOTOKA
Sisi ni akina mama tunaolala upande mmoja wa daraja na kufanya kazi upande wa pili. Zamani kila nchi ilichanja kwa siku zake. Kuna tuliochanjiwa watoto mara mbili, na kuna tuliokosa kabisa. Jumuiya ilipozikalisha nchi zetu meza moja, siku za chanjo zikawa zilezile. Kwa hilo tunashukuru bila kumung'unya maneno.

KILICHOTUKWAMISHA
Siku zilikutana, kadi hazikukutana. Mwaka juzi mwenzetu, fundi cherehani, alimpeleka bintiye wa miezi tisa akachanjwe surua. Muuguzi wa huku akamwambia, "Mama, umeandikishwa kazi ng'ambo, watamchanja wao." Wa ng'ambo naye: "Dada, kadi hii siijui. Rudi kwenu."

"Kwetu ndiko nilikotoka, na miguu ninayo hii miwili tu," akajibu, akaenda zake kazini.

Surua haikuuliza kadi. Mtoto alipona, lakini sikio la kushoto halisikii mpaka leo. Nasi tulikosea: tuliwasema wauguzi miezi mizima, kumbe kila mmoja alifuata alichoagizwa.

TULIPOFIKA
Wauguzi haohao wawili, bila kutumwa na mtu, hukutana katikati ya daraja kila Alhamisi asubuhi na kusomeana madaftari.

"Huyu wako?"

"Wangu. Wako ni yule wa mateke, nenda ukajaribu bahati yako."

Mwaka huu hakuna mtoto wetu hata mmoja aliyekosa chanjo. Mgeni rasmi, huko kwenu ushirikiano ni mkataba. Hapa kwetu ni wanawake wawili na kalamu.

OMBI
Tunalo moja tu. Muuguzi wa ng'ambo amepata uhamisho, anaondoka mwisho wa mwezi. Hatumzuii; amepanda cheo, na naye ana watoto wa kulea. Lakini atakayekuja hatujui kama atapenda kusimama darajani. Mawaziri wa afya wanakutana ofisini kwako wiki ijayo. Tunaomba uwawekee mezani kadi moja itakayosomwa pande zote mbili, ili muuguzi huyo mpya akute kuisoma ni kazi, si hisani. Mfano tumeuchora, ndio huo uliokabidhiwa mlangoni.

Fundi cherehani amejaliwa mtoto mwingine. Anatimiza miezi tisa mwezi ujao.

Mungu akufikishe salama, na akupe kikao chenye watu wa kusikiliza.

Ni sisi,
Akina Mama wa Kingo Mbili