Moto wa Chumba Namba Tatu

Wanangu, sogezeni viti karibu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni na sina nguvu ya kurudia neno. Edgar, nimekuona unavyomwangalia mwalimu Fatuma, kama unamwonyesha njia ya kutokea. Acha. Najua maneno ya wosia ni ya watu wa nyumba, na yeye ni mpangaji wetu wa chumba namba tatu, tena mtu wa pwani, wa Tanga mjini, lakini nimemwita mimi mwenyewe na atakaa hapo karibu na dirisha mpaka nimalize. Kaa, mwalimu. Huo uji wako utaninywesha baadaye, ukipoa kidogo.

Naanza na shukrani, kwa sababu nisipoanza na shukrani nitaanza na ukali, na ninyi mnanijua. Namshukuru Mungu kwa miaka sabini na tisa katika milima hii, namshukuru kwa mama yenu Marta aliyenivumilia arobaini na mbili kati ya hiyo na sasa amelala pale juu kanisani akiningoja bila haraka. Modesta, umeacha maharage yako Mlola wakati wa palizi, wiki ya tatu hii unaniogesha kama mtoto na sijaona ukikunja uso, nami nakushukuru mbele ya kaka yako ili asikie. Edgar, bati hili linalotukinga ni jasho lako, na kila Jumapili ulinipigia simu, ingawa nusu ya mazungumzo ilikuwa foleni za Dar es Salaam ambazo mimi sikuwahi kuziomba. Asanteni. Sikustahili watoto wema kiasi hiki, na kabla hamjanikatalia, subirini kwanza mmalize kunisikiliza.

Mali yenyewe haichukui muda. Shamba la bondeni, lile la kabichi na karoti, ni la Modesta, kwa kuwa ndiye anayeujua udongo wake, na wewe Edgar usinune, jembe lenyewe hujui linashikwa vipi. Kiwanja cha barabara ya Mlola ni chako, jenga au usijenge. Ugomvi wangu na jirani kuhusu mti wa mpakani nimeumaliza Jumanne alipokuja kunitazama. Nimemwambia mti ni wake, na kusema kweli ulikuwa wake siku zote, nilikuwa nambishia tu. Nyumba hii na vyumba vyake vitano vya kupanga ni yenu wote wawili. Msiiuze, na msiigawe kwa ukuta.

Sasa hapo kwenye vyumba ndipo nilipowaitia. Edgar, ile karatasi ya mkataba uliyokuja nayo, Modesta amenisomea. Imepangwa vizuri, hongera. Lakini pale palipoandikwa kwamba mambo yote ya gesi ni juu ya mpangaji na mwenye nyumba hahusiki, pafutwe. Uliniambia wenye nyumba wengi wanaandika hivyo siku hizi. Hata mimi nilisema maneno hayo hayo, kwa mdomo, nikiwa nimesimama pale uani mbele ya watu, na leo nitawaambia niliyasema siku gani na nilikuwa naficha nini.

Mnaukumbuka moto wa chumba namba tatu, Julai, miaka tisa iliyopita. Mnachokumbuka ni kile nilichowaambia, kwamba mwalimu aliacha gesi wazi, akawasha kiberiti, chumba kikaungua na yeye akaungua mkono. Mtaa mzima unajua hivyo. Si kweli, wanangu. Nilidanganya.

Jiko lilikuwa langu. Nilikuwa nimetoka kupaka dari rangi nyeupe, sitaki moshi wa mkaa uiguse, nikaweka jiko la gesi na mtungi katika kila chumba na kujisifu sokoni kwamba kwa Rubeni mtu anahamia na sufuria zake tu. Mpira wa jiko la namba tatu ukatafunwa na panya. Fundi Dula akaniambia, mzee, ule wa gesi wenyewe umeisha madukani hapa, subiri Jumatatu nishuke Mombo nikuletee. Mwalimu alikuwa anahamia Jumamosi. Basi mimi, mtu ninayejua kila kitu, nikashuka shambani nikakata kipande cha mpira wa kumwagilia kabichi, nikakichomeka jikoni upande mmoja na kwenye mtungi upande wa pili, nikafunga kwa waya wa uzio. Nikawasha, ukawaka vizuri. Nikasema unaopitisha maji utashindwaje kupitisha gesi. Dula aliporudi na mpira wa kweli nikamrudisha nao, nikamwambia nimeshamaliza kazi bila yeye.

Mpira ule ulikaa tangu Machi hadi Julai. Mnaijua Julai yetu, kila dirisha limefungwa na kila mlango una gunia chini yake, na gunia la mwalimu nilimpa mimi, nilipomwona anatetemeka. Alfajiri akafungua mtungi, akatoka kuchota maji bombani, na huku nyuma mpira ukapasuka pale penye waya. Gesi ikajaa ndani. Akarudi na mafua yake ya baridi, hasikii harufu yoyote, akawasha kiberiti apate chai kabla ya kwenda kufundisha. Kosa lake ni lipi hapo? Nimelitafuta miaka tisa sijaliona.

Mpangaji mwenzake aitwaye Tatu, wa chumba cha jirani, ndiye aliyemtoa kwa blanketi la maji. Wa pili kuingia nilikuwa mimi, na watu wakanisifu wakidhani naokoa vitu vya mpangaji. Nilikuwa nautafuta mpira. Niliufungua ule waya ukiwa bado wa moto, vidole vikaungua, mabaki yale nikayatumbukiza chooni, na mama yenu akanipaka asali vidoleni akiwaambia majirani kwamba mume wake ana moyo. Mwenyekiti wa mtaa alipofika na kuuliza, nikasema hawa watu wa pwani hawajazoea gesi, ameiacha wazi, na mambo ya gesi ni ya mpangaji, mimi ni wa kuta na bati. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi ni mzee wa kanisa, nani angebisha?

Ngojeni. Ngojeni nipumue. Modesta, niinue kidogo, hivyo, hivyo, asante mama.

Wiki mbili baadaye mwalimu alikuja hapa na mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, amemletea Marta doti ya kanga, akapiga goti pale penye zulia akasema shikamoo mzee, shikamoo mama, naomba mnisamehe, nimewaharibia nyumba. Nikaitikia marahaba. Halafu nikamsamehe. Mnanisikia? Mimi nikamsamehe yeye. Marta aliivaa ile kanga mpaka ikafifia maua, na amekufa bila kujua ilikuwa ya nini. Mwalimu naye vidole vya mkono wa kulia havikurudi kukunjika, akajifunza kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na wazazi wengine wakaenda shuleni kulalamika kwamba mwandiko wa mwalimu huyu watoto hawausomi. Mmoja wao alinilalamikia mimi, hapa hapa uani, nikamwambia mvumilie.

Mwezi uliofuata nikaanza ukaguzi. Mnajua wapangaji walivyonicheka. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, bakuli la povu la sabuni mkononi, napaka mpira na kichwa cha mtungi, nainama na miwani yangu kuangalia kama povu linachemka. Fahadi wa duka la simu akaniita Mzee Povu, jina likashika mpaka sokoni, hadi siku povu lilipochemka chumbani kwake mwenyewe, akaanza kunisalimia vizuri. Walidhani ni uzee. Ilikuwa ni woga, na aibu. Lakini hakuna aliyeungua tena katika nyumba hii, na kwa hilo namshukuru Mungu kila asubuhi.

Kwa hiyo Edgar, sheria za serikali zimeandikaje mimi sijui, tafuta mwanasheria akusomee. Mimi nasema sheria ya nyumba hii. Jiko na mtungi viwe vya mwenye nyumba au vya mpangaji, yote sawa, anayekagua ni mwenye nyumba. Mpira ubadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama unang'aa, na anayeufunga ni fundi, si wewe na ujuzi wako. Madirisha yawe na matundu ambayo mtu hawezi kuyaziba hata akisikia baridi kiasi gani. Mpeni blanketi, msimpe gunia. Ukiwa Dar, Modesta ataingia vyumbani badala yako, na mkishindwa wote wawili, acheni kupangisha, mpande maua humo ndani.

Mwalimu. Sikukwambia haya peke yako kwa sababu nilikudhalilisha mbele za watu. Nisamehe, mwanangu. Unasema nini? Sogea, masikio nayo yameanza kuaga.

Ulijua.

Mmesikia anavyosema? Alikwenda shambani kwetu mwezi ule ule, baada ya kuja kuomba msamaha, kununua kabichi, akauona mpira wa kijani umekatwa, sawasawa na uliokuwa jikoni kwake. Kwa nini hukusema, mwalimu? Anasema nani angemwamini, mgeni wa miezi minne, mbele ya mzee wa kanisa. Anasema alishafunga mizigo ahame, nikagonga mlango na bakuli langu la povu, nikauinamia mpira kabla ya salamu, akajua najua, akaamua kungoja niseme mwenyewe. Miaka tisa. Na uji huu wote. Hongea, mwanangu, hongea sana. Umekaa na sisi muda wa kutosha, hiyo shukrani ya Kishambaa huhitaji kutafsiriwa.

Sema tena hilo la mwisho, wasikie. Anasema kusamehe alishasamehe mwaka ule Marta alipokufa. Ila jina lake analitaka.

Ni haki yake. Edgar, chukua kalamu. Usinifute machozi, chukua kalamu. Najua mmeanza kuandika historia yangu ya kusomwa siku ya mazishi, nimewasikia jikoni mkibishana mwaka niliobatizwa. Pale mlipoandika nimemwoa Marta, nimekuwa mzee wa kanisa, hapo hapo, ongeza. Andika kwamba Rubeni alifunga mpira wa kumwagilia kabichi kwenye jiko la gesi la mwalimu Fatuma. Chumba kikaungua, na mkono wake ukaungua. Rubeni akaficha mpira, akasema kosa ni la mwalimu. Usiandike ilikuwa bahati mbaya. Andika nilivyosema. Utaisoma wewe, kwa sauti, mwenyekiti akiwepo na wazazi wa shule wakiwepo, na mwalimu akae mbele na familia.

Nimechoka sasa. Leteni mikono yenu. Wako pia, mwalimu, huo huo wa kulia. Mungu awape nyumba zenye amani na watu wa kuwaambia ukweli. Mkae mkipendana. Wanaolala chini ya bati letu waamke wazima, kila siku. Nawashukuru. Nilipewa... nilipewa zaidi ya nilichostahili.

Umemaliza, Edgar? Nisomee.

Hapana, haijatosha. Mwisho hapo ongeza, mwalimu hakuwa na kosa.

Sasa soma. Hapo tu, hapo mwisho.

Tena. Polepole, mwanangu. Asikie.