Gauni la Pindo la Upande la Bi. Emerensiana

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Emerensiana Komba anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha ushonaji katika karakana yetu hapa Songea. Jamani, tumezeeka! Alipoingia, wengine wetu tulikuwa wanafunzi, hata kutunga uzi kwenye sindano kulitutoa jasho.

Wengi huja kwetu na haraka ya kufungua duka. Wakishajua kukanyaga cherehani tu, tayari wanaulizia kodi ya fremu mjini. Bi. Emerensiana aliwatuliza kwa sharti moja: nguo ya kwanza unayoshona, hata ikitoka kama gunia, unaivaa mwenyewe na kuzunguka nayo sokoni. Ukiulizwa, unasema umeshona wewe. Kumsingizia cherehani ni marufuku.

Zuhura wa Nakapanya aliingia hapa akiota kuwa na duka lake. Gauni lake la kwanza alilibadilishia mikono, wa kulia akauweka kushoto, na kila akijinyoosha kola inampanda kidevuni. Alilia, akafunga begi, akasema bora arudi kwao akauze karanga barabarani. Tukajua ndiyo basi tena. Bi. Emerensiana akaondoka, akarudi amevaa gauni lake mwenyewe la kwanza, la kitenge, pindo limeshuka upande mmoja hadi kisiginoni. Wakaenda sokoni wawili, Zuhura naye amevaa lake, wameshikana mikono. Soko lilicheka, hatimaye na wao wakacheka. Mama mmoja muuza dagaa alisema fundi asiyeficha kosa ndiye aliyekuwa anamtafuta, akampa Zuhura kitambaa chake amshonee.

Leo Zuhura ana duka Nakapanya na wanafunzi wake. Mteja akilalamika, habishi. Anafumua, anashona upya. Wapo waliotoroka kabla ya kuvaa nguo zao, wengine mikono yao hodari kuliko ya Zuhura, na maduka yao yalifungwa kwa ugomvi na wateja. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Tutaikumbuka ile futi yake ya kupimia nguo, haikubanduka shingoni, hata kwenye harusi za watu. Tutakumbuka kwenda naye asubuhi kununua vitunguu tu na kurudi mchana, kwa shikamoo za mafundi wake kila kona. Karakana itapwaya bila yeye, tusidanganyane.

Sasa na yeye anaingia kwenye ujasiriamali. Anafungua biashara ya kuoka mikate nyumbani kwake Mshangano, kazi asiyoijua hata kidogo, na anakiri ana hofu. Sharti lake halijamwacha: mkate wa kwanza, hata ukiungua, atauleta karakana aule mbele yetu.

Asante, Mwalimu. Mungu akupe afya, wateja wavumilivu na pumziko ulilolitolea jasho. Zuhura ametuma salamu kwamba siku ya mkate huo atapanda basi kutoka Nakapanya, amevaa gauni lile la mikono iliyobadilishana. Hutaula peke yako.