Jumatatu za Mzee Tarsis

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Tarsis, muuza vitambaa wa Kariakoo, aliyetutoka wiki iliyopita. Wengi mlimjua kwa ucheshi wake. Mimi nataka kuwasimulia zile Jumatatu zake, maana zilimchanganya kichwa, na nikisema kweli, zinanichanganya hata mimi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Tarsis kijana, ametoka Kilimanjaro, amepata kazi katika duka la vitambaa la Natvarlal, karibu na Mnazi Mmoja. Tajiri mwenyewe mtu wa maneno mengi. Anaimba, anatania wateja, anamuuliza Tarsis habari za mama yake. Lakini Jumatatu! Jumatatu tajiri hafungui kinywa. Akitaka jora, ananyoosha fimbo ya kupimia. Akitaka chai, anagonga meza. Tarsis akisalimu, tajiri anatikisa kichwa tu, anageukia upande wa pili.

Jumanne? Vicheko kama kawaida.

"Nimekosa nini?" Tarsis alijiuliza. Labda alikata kitambaa vibaya Jumamosi. Labda kuna mteja kamchongea. Akafagia palipokwisha fagiliwa. Akapanga majora kwa rangi, akayapangua. Kuuliza aliogopa, utamuulizaje tajiri aliyenuna? Basi naye akanyamaza. Kila Jumatatu duka likawa na mabubu wawili.

Mjane wake, Mama Candida, ameniambia hivi: "Misa ya Jumapili ikiisha tu, anasukuma sahani pembeni. Chakula hakipiti. Nikamwambia, Tarsis, kazi gani hiyo inayomla mtu?"

Kazi yenyewe aliipenda, wasikilizaji. Aliipenda sana. Lakini alikonda mpaka nguo zikampwaya. Mwishowe akaamua: anaacha, anarudi kwao Kilimanjaro. Na siku aliyochagua kuaga ilikuwa Jumatatu, ingekuwa ipi tena?

"Tajiri, naomba ruhusa. Naacha kazi."

Natvarlal akamkodolea macho. Akatikisa kichwa kwa nguvu. Akanyoosha fimbo kwenye majora, kwenye kiti cha Tarsis, kisha akajigonga kifua. Tarsis hakuambulia kitu. Akainama, akaelekea mlangoni.

Nyuma yake akasikia sauti: "Tarsis! Kosa langu nini?"

Kosa langu nini! Swali lile lile, wasikilizaji, sasa linatoka kwa tajiri.

Madhuben, mke wa Natvarlal, akatoka mbio nyuma ya pazia, mkono mdomoni. Tarsis alidhani kuna msiba.

"Amesema!" akapaza sauti. "Jumatatu hasemi, Tarsis. Ni nadhiri yake kwa Mungu, tangu mama yake alipougua. Hajaivunja hata kwangu!"

"Mbona hamkuniambia, mama?"

"Tukwambie nini? Na wewe Jumatatu ulikuwa husemi! Bwana anakusifu nyumbani. Anasema kijana yule si wa dini yetu, lakini ananisindikiza katika nadhiri yangu."

Tarsis akaketi juu ya jora. Hakujua acheke au alie. Natvarlal naye, kwa kuwa nadhiri ilishavunjika, aliongea mpaka saa ya kufunga duka.

Tarsis hakurudi Kilimanjaro. Baadaye alifungua duka lake mwenyewe, na akiamka na kisirani aliwatangazia wafanyakazi huku akigusa shavu: "Leo jino linaniuma. Si ninyi." Aliwahi kuniambia, "Mpaka leo sielewi, mwanangu. Neno moja tu, na sote tulilimeza."

Wiki iliyopita maradhi yalimkata sauti. Binti yake Severa, asiyejua bado, akaingia chumbani. "Shikamoo, baba." Mzee akamtazama tu. "Baba, tumekukosea?"

Mzee akainua mkono polepole, akagusa shavu.

Mama Candida, Severa na jamaa wote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na ninyi wasikilizaji wapendwa, kesho ni Jumatatu. Ukiingia kazini umenuna, waambie wenzako ni jino.