Midomo Miwili Nyuma ya Trekta

Sogeeni, wanangu, na wewe Huzaifa zima hiyo simu, mauti hayapigi mara mbili. Bismillahi. Nyumba hii ya Bugolobi na shamba la Bombo mtagawana kama sheria ya Mungu ilivyosema, na Sheikh Kamis huyu hapa miguuni pangu atawasimamia, maana ninyi hata nyama ya Idi mliigombania mkiwa na ndevu.

Sasa trekta. Najua ndilo lililowaleta. Nzi hamjali mgonjwa, hufuata kidonda.

Lilikuwa na nguvu ya kuinua jembe mgongoni mwake, basi. Mafuta yake yanayosukuma mitambo hayakuwa na njia ya kutoka nje yakainue tela limwage mzigo. Nikawaambia liongezeeni njia hiyo, tupate kazi ya kubeba mchanga na matofali. Nasif, msomi wangu wa suti, ukaenda Nakivubo ukanunua midomo miwili ya kuchomekea mipira ya mafuta, inang'aa kama meno ya bandia, ukaifunga nyuma kwenye bati, ukapiga picha, ukaita wateja. Na nyuma ya midomo ile hapakuwa na bomba hata moja! Mzee Obura akaja na tela lake limejaa matofali, akachomeka, akavuta wenzo, akangoja, akachungulia chini ya bati. "Abubaker, rafiki, hii kitu yako nakula upepo?" Nikatamani ardhi inimeze. Nawe ukanijibu nini? "Baba, wateja hununua kwa macho." Kwa macho! Debe tupu wewe.

Siku ileile, nikiwa mzima, natembea kwa miguu yangu kwenda msikitini, niliwaita uani mbele ya sheikh: atakayelichukua alitengeneze, ni lake leo, si nikifa. Huzaifa ukasema una miadi. Nasif ukacheka, "Mpe Rahmah, alipake hina."

Nikampa huyu dada yenu. Mara ya kwanza mpira ulipasuka ukamwogesha mafuta, mkacheka mpaka mkakaa chini. Akaenda kwa mafundi wa Katwe, akauliza bila aibu, akarudi akaweka bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, kwa kuwa kiendacho kisiporudi, kitu hupasuka. Ninyi mmevuta kwangu maisha yote, hamkurudisha hata salamu. Ndiyo maana leo nimepasuka mimi.

Hakuna wosia kwa mrithi, dini yangu naijua. Lakini hiyo ni hiba, zawadi niliyoitoa nikiwa mzima, na funguo na kadi anazo tangu siku ile. Trekta halimo katika mirathi. Sheikh, nasema uongo? ... Mmemsikia. Kaa, Nasif, suti itakunjika.

Nizikeni Bombo, upesi. Msinililie kwa sauti ya kuwafurahisha majirani. Rahmah, mama ... hawa wakija na njaa usiwafukuze. Wape koleo.

Nipeni maji ... Nenda uani, Rahmah, uliwashe trekta. Fungueni dirisha.

Hilo. Linainua ... Mungu akuinue hivyo, mwanangu, taratibu, bila kuvuja. Na hawa ndugu zako ... awape, hata wakiwa wazee ... bomba la kurudisha. Liache ... liache linguru ...