Kigoda cha Mdai: Mwalimu Asmahani Mhoja Anapoaga

Mdai, katika istilahi ya fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, si kila mwenye kulalamika. Ni yule ambaye dai lake linakwenda kinyume na hali iliyopo: watu huhesabiwa kuwa hawana hatia, yeye anasema fulani ni mwizi. Kwa kuwa ndiye anayetaka kuibadili hali hiyo, mzigo wa ushahidi ni wake; anayekana hudaiwa kiapo tu. Kwa tafsiri hiyo, anayesema kwamba Mwalimu Asmahani Mhoja anaondoka katika Shule ya Sekondari Ulyanjala tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi, ni mdai, na wengi wetu bado tunamsubiri alete shahidi.

Ushahidi, kwa bahati mbaya, upo. Mwalimu anastaafu kwa mujibu wa sheria, naye hajawahi kubishana na sheria yoyote kabla ya kuisoma hadi mwisho.

Alizaliwa Kwihara, katika ukoo wa wakulima ambao mababu zao walikuwa wapagazi wa misafara, wakaenda pwani na meno ya tembo na kurudi na dini mpya na watani wapya. Alifika kwetu kufundisha Historia, akaongezewa Maarifa ya Uislamu, kisha akakabidhiwa klabu ya midahalo, ambayo wakati huo ilikuwa mahali pa kupigiana kelele. Jambo la kwanza alilolifanya ni kumwagiza seremala kigoda cha mninga, kifupi, kisicho na egemeo. Atoaye dai hukaa hapo. Akileta ushahidi, huinuka. Asipouleta, hubaki hapo hadi mdahalo uishe, wenzake wakiendelea kujadiliana juu ya kichwa chake.

Kigoda hakikujua cheo. Mkuu wa shule, Mwalimu Raymundi, alikikalia kwa kudai kwamba mchele wa Igunga hauna mfano nchini. Aliinuka siku alipoleta sufuria ya wali wake kama ushahidi. Mwalimu Xavery wa Jiografia, Mgogo, na kwa hiyo mtani halali wa Mwalimu Asmahani kwa kabila, alikikalia siku ya Idd. Alikuwa ametueleza kwa uhakika mkubwa kwamba Uislamu haumruhusu Mwislamu kumtendea wema mtu wa dini nyingine. Alieleza hayo sahani ya pilau ya Mwalimu Asmahani ikiwa magotini pake.

"Maliza nyama kwanza, mtani," Mwalimu alimwambia. "Ushahidi utakuharibia ladha."

Hata hivyo, wasifu huu ungekuwa na upungufu kama ungeishia kwenye vicheko. Lipo tukio la Machi mwaka jana ambalo wahusika wake wameridhia liandikwe, na ambalo hadi leo hatujalizoea.

Wanafunzi walichagua mada wenyewe: kwamba Sheria ya Kiislamu ni chanzo cha ukatili. Pelagia wa Kidato cha Sita, binti wa familia ya Kikatoliki ya hapa mjini, aliitetea mada kwa ustadi, na mfano wake mkuu ulikuwa mwizi kukatwa mkono. Awadhi, mpinzani wake, alijibu kwamba adhabu hiyo haimo kabisa katika Uislamu. Mwalimu alimkalisha Awadhi kigodani. Aya ipo, alisema, na kuificha si kuitetea. Kisha akayataja masharti yanayofungamana nayo: kadhi mwenye mamlaka, mashahidi wawili waadilifu au ungamo la hiari, mali yenye thamani iliyowekwa na iliyohifadhiwa panapostahili, mtuhumiwa asiyesukumwa na njaa, na shaka yoyote huiondoa adhabu. Pelagia alisisitiza kwamba wapo wanaoua kwa jina la dini hiyo bila kungoja sharti hata moja. Mwalimu alikiri kwamba ni kweli na kumpa alama. Sheria, alisema, haihukumiwi kwa wanaoivunja peke yao, wala haisafishwi kwa kuwasahau.

Ungeishia hapo, ungekuwa mdahalo mzuri. Lakini Mwalimu alitaka mfano wa karibu. Juzi yake, penye maduka ya Kanyenye, umati ulikuwa umempiga mawe Masanja, mtu wa makamo kutoka Ntalikwa anayejipatia riziki kwa mkokoteni, kwa madai kwamba ameiba baiskeli. Baadaye ilibainika kwamba baiskeli ilichukuliwa na mdogo wa mwenye baiskeli kwenda mashineni kusaga nafaka. Mwalimu akauliza kama ukumbini yupo aliyekuwa pale.

Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Mwalimu Xavery. Ukafuata wa Pelagia. Ukafuata wa Awadhi. Kisha ikanyanyuka mingine, ya Wakatoliki, ya Wamoraviani, ya Waislamu, safu kwa safu. Wengine walirusha, wengine walipaza sauti tu. Tuliokaa nyuma tulipigwa na butwaa. Mwalimu Asmahani, aliyekuwa ameuliza akitarajia mkono mmoja au miwili ya watazamaji, alishika ukingo wa meza.

"Nani alimuuliza shahidi?"

Mikono yote ikashuka.

"Kadhi mnayemwogopa angemwachia aende zake," alisema. "Ninyi mlikuwa na haraka."

Pelagia aliondoka mahali pake akaenda kukaa kigodani. Awadhi, aliyekuwa ameinuka kumpisha, alikaa sakafuni kando yake. Hakuna aliyewaamuru.

Kesho yake walifuatana na Mwalimu na Xavery hadi wodini, wakiwa wametunga maneno ya kuomba radhi. Masanja aliitikia shikamoo zao mmoja mmoja. Mkono wake wa kulia ulikuwa umesagwa na mawe, na madaktari walikuwa wameukata chini ya kiwiko. Hapakuwa na kadhi, wala hakimu, wala aya iliyosomwa. Umati wa dini zote ulikuwa umemfikishia mtu asiye na kosa ile ile adhabu ambayo jana yake tuliijadili kama jambo la kutisha. Maneno yaliyotungwa hayakusemwa. Aliyesema ni Masanja.

"Nani alikuwa wa kwanza kusema ni mimi?"

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa amelisikia neno hilo kwa mtu wa pembeni yake.

Mwalimu hakutosheka na machozi. Alishikilia kwamba Masanja asafishwe jina palepale alipoitwa mwizi, mchana, mbele ya maduka, na wanafunzi ndio waliosimama kutamka kwamba hakuna kati yao aliyemwona akiiba. Ni yeye pia aliyeishawishi bodi kumwajiri Masanja kuwa mlinzi wa lango letu. Pelagia sasa anasoma sheria chuo kikuu. Utani wa Mwalimu na Xavery ulinyamaza muhula mzima. Uliporudi, ulirudi kwa kumcheka anayestaafu, na wote wawili walicheka kwa uangalifu.

Mwalimu Asmahani, ahsante kwa kutukalisha chini. Karanga zako za Kwihara zipate mvua, magoti yako yaitii sijda, na watani wasikose kwenye pilau. Masanja atakufungulia lango kwa mkono wa kushoto, na kigoda tutakitunza. Anapokuja mtu mmoja na dai lake, tunajua akae wapi. Lakini swali la Masanja wodini hukulijibu, nasi hatujaweza, nalo limezaa jingine: umati unapodai, na wa kwanza kusema hajulikani, nani akae kigodani?