Mama Taa na Kamati Iliyompenda Kima

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtafiti wa samaki aliyefariki Jumatatu. Wenzake walimwita Mama Taa. Kwa miaka ishirini na sita aliwapima samaki taa, wale bapa wenye mkia mrefu, kwenye meza za soko la samaki. Utepe wa fundi cherehani shingoni, mabuti ya mpira miguuni. Binti yake anasema, "Mama alinuka samaki hata siku ya harusi yangu. Sikumwonea haya." Wa kuonewa haya ni wengine.

Miaka minne iliyopita, kamati ya wanyamapori ilitaka kuchagua mnyama mmoja wa kulindwa kwanza. Walibaki wawili: kima wa msituni na taa wa ghuba. Nasema tena, kima na taa. Mama Taa aliandika kurasa arobaini akiwalinganisha. Kima huzaa mtoto mmoja kwa miaka miwili. Taa huyu naye vivyo hivyo. Kima anakatiwa miti. Taa anavuliwa na mimba yake, palepale anapokwenda kuzaa. Mama hakumponda kima hata kidogo. Aliomba tu ghuba ifungwe miezi mitatu kwa mwaka, taa wazae.

Kamati haikusoma. Waheshimiwa wale walitaka picha! Wakabandika ya taa ukutani, tumbo mbele, wakakodolea matundu ya pua wakidhani ni macho.

"Huyu ana sura ya mlevi," mwenyekiti akatoa hukumu. "Kima anatutazama kama mtoto."

"Mzee, hiyo ni pua," Mama Taa akamwambia. "Macho ya taa yapo mgongoni."

Wakacheka. Watu wazima, na viyoyozi vyao, pua na macho vinawashinda. Kima akapita. Na huyo mteule wao amepata nini? Fulana na kalenda. Miti yake bado inakatwa.

Mdogo wa marehemu anakumbuka: "Dada alirudi, akaosha mabuti, akasema kesho nakwenda sokoni." Akaenda. Mwaka jana mzima alipima taa kumi na mmoja. Zamani aliwapima idadi hiyo kabla hajanywa chai ya asubuhi.

Poleni sana, binti na mdogo wa marehemu. Poleni wauza samaki mliomtengea nafasi mezani. Nanyi wasikilizaji, jiulizeni ni nani tunamwacha aishe kwa kuwa sura yake haituvutii.

Leo asubuhi mwenyekiti alinipigia simu. Anataka nisome salamu zake za rambirambi. Nikamuuliza, "Ghuba imefungwa?"

"Hilo bado liko mezani, ndugu mtangazaji."

Basi mzee, salamu zako nazo ziko mezani.