Agneta Garama na Kona ya Shika Adabu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Agneta Garama anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya kusafirisha mizigo mizito kwa miaka ishirini na tisa. Aliingia yadi ya Changamwe kama tarishi, akipeleka hati bandarini kwa pikipiki ndogo. Anaondoka akiwa mkufunzi wa waendeshaji wa pikipiki wanaotangulia malori ya mizigo mizito ili kuyafungulia njia.

Mwaka 2007 kampuni ilinunua pikipiki tatu kubwa kwa kazi hiyo. Kila moja ina uzito wa zaidi ya kilo mia tatu, ni ndefu, imekaa chini, na vibao vyake vya kuwekea miguu viko karibu sana na lami. Wiki ya kwanza wanaume wanne waliziangusha papo hapo yadini, tena zikiwa zimesimama. Bi. Agneta, ambaye hafiki mabegani mwa wengi wao, aliomba naye ajaribu. Hakuiangusha. Alipoulizwa siri yake alisema kwamba aliyekulia Kaloleni akibeba maji kichwani hujua mzigo unataka kwenda wapi.

Mwaka 2013 alikuwa akitangulia lori lililobeba transfoma kuelekea Kwale. Kwenye kona moja karibu na Shika Adabu aliingia kwa mwendo uliozidi kidogo. Pikipiki ililala, kibao cha kushoto kikaanza kusaga lami na kutoa cheche. Mara pikipiki ikanyooka, ikatoka barabarani na kuishia katika shamba la muhogo. Alivunjika mfupa wa bega. Lori lilisimama salama.

Ripoti ya kwanza ililaumu gurudumu la mbele, lililofungwa siku iliyotangulia na fundi Lenox Barasa, ambaye wakati huo alikuwa na miezi minane tu tangu afike kutoka Bungoma. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari. Ninajua, kwa sababu niliichapa mimi.

Bi. Agneta alikuja kwenye kikao cha kujadili ajali hiyo mkono ukiwa umefungwa shingoni. Mwenyekiti alimsihi arudi nyumbani Bofu akapumzike. Hakurudi, wala hakuketi.

“Gurudumu halikuwa na kasoro,” alisema. “Niliposikia kibao kinasaga niliogopa, nikakamata breki katikati ya kona. Pikipiki haikunitupa. Ni mimi niliyeinyanyua ilipokuwa inataka kulala.”

Mwenyekiti alimkumbusha kwamba maneno hayo yangeingia katika faili lake.

“Yaingie, bwana. Jina la Lenox litoke.”

Lilitoka. Bi. Agneta mwenyewe alipewa onyo la maandishi na kuondolewa kwenye pikipiki kwa mwaka mzima, akawekwa mapokezi kujibu simu. Lenox alipomfuata nje kumshukuru, alimjibu kwamba hakuna la kushukuru, na kwamba breki ya pikipiki namba mbili inalia, aiangalie.

Mwaka ule ulikuwa mrefu kwake. Aliniambia hivyo mara moja tu, tukinywa chai, kisha akazungumza mambo mengine.

Aliporudishwa, aliomba afundishe. Alikata ubao wa plaiwudi kwa pembe ya nyuzi thelathini, akawa anausimamisha kando ya pikipiki huku wanafunzi wakiilaza taratibu mpaka kibao kiguse chini, waone kwa macho mwisho wake uko wapi. Aliwafundisha kupunguza mwendo kabla ya kona, kutazama wanakoelekea badala ya ukingo wa barabara, na kuzungusha mkono wa mafuta kwa utulivu. Kibao kikigusa lami, aliwaambia, kimekuonya tu. Kinachokuangusha ni hofu yako. Kila kundi alilipeleka Shika Adabu, akasimama kando ya kona ileile na kueleza kosa lake bila kupunguza neno.

Waendeshaji arobaini na mmoja wamepita mikononi mwake. Wawili wameanguka, wote yadini. Lenox sasa ni mkuu wa karakana.

Kampuni ilimpa Bi. Agneta nafasi ya kuchukua moja ya pikipiki za zamani. Alikataa kwa adabu. Anarudi Kaloleni kufuga kuku, na amesema kuku hawahitaji kutanguliwa.

Bi. Agneta, asante kwa kazi, na kwa ukweli uliousema ulipoweza kunyamaza. Tunakuombea afya, utulivu na miaka mingi ya furaha.

Maryanne, Idara ya Utumishi